Raketi Tatu za Hamugembe

Ninyi mliokulia Hamugembe enzi zetu, migomba ilipokuwa bado mingi kuliko mabati, huenda mnaukumbuka uwanja wetu wa tenisi. Wakati wa vita na Uganda magari ya jeshi yaliuchimba mashimo. Vita vilipokwisha tuliyafukia kwa udongo mwekundu, tukaushindilia kwa miguu, tukafunga katikati kipande cha wavu wa kuvulia sato. Mistari tulichora kwa majivu. Mpira ulikuwa mmoja, umenyonyoka manyoya yote, na ukiangukia kwenye kibanja cha jirani, katikati ya migomba yake, tuliutafuta hadi giza, huku jirani akituuliza kama kwetu hakuna mama wa kututuma maji.

Raketi zilikuwa tatu. Mbili za mbao ziliachwa na mwalimu mgeni aliyeondoka vita vilipoanza. Moja ilikatika nyuzi, wavuvi wa visiwa vya Muleba wakaifuma upya kwa nailoni na kuikaza mpaka ikawa inalia ukiigusa. Ya tatu, ya alumini, ilikuja na magendo kutoka Uganda, pamoja na sabuni na zile nguo zilizoitwa Juliana, jina ambalo baadaye tuliupa ugonjwa wa ukimwi.

Kaka yangu Deo aliipenda ya alumini. Mpira ulitoka kwa kasi hata usiuone, na alikuwa akijiandaa kwenda kucheza na vijana wa Muleba. Lakini Tata, baba yetu, alikuwa amefariki mwaka ule, miguu ya Mama imevimba, na jembe la nyumba lilikuwa mikononi mwa Deo. Halafu kiwiko kikaanza kumuuma. Asubuhi alishindwa hata kuinua kikombe cha chai. Mama alimkanda kwa maji ya moto, kisha akasema, "Mwana wange, mkono huo tunaula wote."

Deo hakuacha tenisi. Alianza kuzipima raketi. Jioni alicheza na mimi kwa raketi moja, asubuhi akaenda kulima, akirudi ananieleza mkono umeamkaje. Hatukuwa na wa kumuuliza. Ile ya alumini, alisema, kila pigo linapanda kama umeme mpaka begani. Ya nailoni ilikuwa mbaya zaidi, ngumu kama ubao. Ya mbao yenye nyuzi kuukuu ilikuwa nzito, na mpira ulitoka polepole, ikabidi auweke kwa akili. Lakini ilimeza mshtuko wenyewe. Kasoro yake ni mpini, ulikuwa mwembamba, akalazimika kuubana sana. Akauzungushia kipande cha lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti, ukanenepa ukajaa kiganja.

Mama alipokiona alikasirika. Lubugo ni la kumvisha marehemu, alisema, halichezewi.

"Kilibaki tulipomvisha Tata, Mama," Deo akamwambia.

Mama alikipapasa kile kipande kwa kidole. Kisha akasema, "Basi kishike vizuri."

Muleba tulikwenda juu ya lori la kahawa. Kijana mmoja alimuuliza Deo kama ameleta raketi au mwiko wa kupondea ndizi, uwanja mzima ukacheka, na Deo akacheka nao. Alifungwa. Asubuhi yake alikuwa shambani. "Nimefungwa, lakini nalima," alimwambia Mama, na Mama siku ile alikula vizuri.

Kilichokiponya kile kiwiko kabisa ni misiba. Kwetu jirani akifa majembe hayainuliwi, na miaka ile ya Juliana walikufa wengi, nyumba kwa nyumba. Mkono wa Deo ukapumzika kuliko mganga yeyote angeweza kuagiza. Hakuna aliyefurahi. Mwishoni wazee wakapunguza siku za matanga, maana magugu yangetumaliza wote. Zamu ya Deo ilipofika, siku zilikuwa zimekwisha kupunguzwa. Niliinua jembe udongo wa kaburi lake ukiwa bado mbichi.

Siku hizi vijana wana raketi nyepesi kama sahani ya plastiki. Wanazilinganisha kwenye simu wiki nzima, na wanavaa soksi ya kiwiko kabla kiwiko hakijauma. Mjukuu wangu aliniuliza ipi haiumizi mkono. Nikamwambia ya mbao, nyuzi zilegee kidogo, mpini ujae kiganja. "Bibi," akasema, "hizo hazitengenezwi tena." Amesema kweli.

Siwezi kusema enzi zetu zilikuwa nzuri. Uwanja ulikuwa na mashimo, mpira ulikuwa kipara, na wengi tuliocheza nao wamelala vibanjani. Ila nilipoupiga mpira jioni, kulikuwa na mtu wa kuurudisha.