Finjani Niliyoiweka Chini Amerat

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifikia kwa binamu yangu Maskati, karibu na mdomo wa korongo la Wadi Adai. Kila asubuhi niliona magari yakitoka mfululizo kwenye ufa wa milima, na jioni yakirudi. Yanatoka wapi?

"Amerat," alisema binamu. "Watu wanajenga huko, kazi wanafanya huku. Hakuna cha kuona."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniondoa. Niliaga bila hata begi.

Saa tatu asubuhi pikapu ilisimama kunichukua. Dereva, Khalfan, ambaye wazee wake walitoka Unguja, alikuwa akipeleka simenti kwenye nyumba anayoijenga. Jua lilikuwa kali. Wingu jeusi lilikuwa mbali, juu ya milima.

Ndani ya korongo, barabara ilishuka kwenye mkondo. Maji ya rangi ya udongo yalipita juu ya lami, hayafiki kifundo cha mguu. Gari la mbele lilivuka, nasi tukafuata. Tulipofika kati nikasikia mngurumo, nikadhani ni lori. Yalikuwa mawe, yakibingirika chini ya maji, na maji yameshafika mlangoni.

"Teremsha kioo!"

"Kwa nini?"

"Gari ikizima tutokee hapo. Teremsha, yakhe!"

Nyuma ya gari kukateleza upande. Nikasoma dua nilizozisahau tangu chuo cha Kurani. Khalfan alikuwa akinong'ona, "Simenti, tushike. Simenti, tushike." Uzito wake ukatushika. Tulipopanda ng'ambo niligeuka: nyuma yetu hapakuwa tena na barabara.

Adhuhuri, Amerat. Nyumba mpya nyeupe juu ya changarawe, nondo zikichomoza kwenye madari. Nikamuuliza Khalfan nyumba ya wageni iko wapi.

"Wageni wa nini? Hapa wenyewe twaja kulala tu!"

Njia imefungwa, mtu simjui. Hofu ikanirudia upya.

Khalfan alinipeleka kwa baba yake. Mzee aliitikia shikamoo yangu, akanimiminia kahawa. Mkono ulinitetemeka hata nikaogopa kumwagia zulia. Nikaiweka finjani chini, imejaa.

Mzee akalitua dele la kahawa. Khalfan akaacha kutafuna tende.

"Sema haja yako, mwanangu."

Sikuelewa. Khalfan akaninong'oneza, "Kwetu, mgeni akiiweka kahawa chini hajainywa, ana ombi. Mwenyeji lazima amsikilize."

Ningeweza kusema ni mkono tu uliotetemeka.

"Sina pa kulala, mzee."

"Hilo tu? Mie nlidhani waja kuposa! Kunywa, itapoa. Chumba kipo."

Niliinyanyua finjani kwa mikono miwili. Miji mingi nimelala vituoni kwa kuona haya kuomba. Amerat, mkono wangu uliomba kabla yangu.