Vibuyu Viwili na Tuta la Susu

Kazi yangu ya kwanza baada ya kidato cha nne ilikuwa kumtafsiria mwanamke aliyechunguza fikira za watu. Ilikuwa miaka ya sabini, karibu na soko la Kabati, na kabla yake hatukuwahi kuona mtu anayelipwa kuuliza wenzake wanawazaje wakiwa peke yao na wanawazaje wakiwa kundini. Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwa na darasa wala kiboko. Alikuwa mchangamfu, mwenye haraka, na alipika vibaya ajabu. Kila adhuhuri alinipakulia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na kuchemshwa pamoja na kunde, ukiwa bado unagonga meno. "Mtamu?" aliuliza. "Mtamu sana, Mwalimu," nilijibu. Kibarua nilikihitaji.

Alikuwa na vibuyu viwili, kimoja kirefu chembamba, kingine kifupi chenye kitambi. Aliwauliza akina mama wa mwethya, kundi letu la kulimiana mashamba kwa zamu, mmoja mmoja: kipi kinabeba maji mengi? Wote walisema kifupi. Watu waliobeba maji tangu utotoni utawadanganya nini kuhusu kibuyu? Kisha akawaketisha pamoja akauliza tena. Safari hii alikuwapo pia susu, nyanya mkubwa kuliko wote, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa heshima wakamwacha aanze. Susu akakodoa macho, akanyoosha kidole: "Hiyo ndefu." Na wote kumi na wanne, bila hata kutazamana, wakasema ndefu.

Mwalimu nusura arukeruke. Siku hiyohiyo aliketi kwenye taipureta yake akaandika kwamba wanawake wa hapa, wakiwa kundini, huingiwa na woga wakaacha akili nyumbani. Akanisomea. "Ndivyo, sivyo?" Nikasema, "Ndivyo, Mwalimu," na masikio yakaniwaka kwa aibu, maana nilijua sivyo. Ijumaa ripoti ingepanda basi kwenda chuo kikuu.

Kesho yake nilipita shambani nikawaambia akina mama walivyoandikwa. Walicheka hadi mmoja akaketi kwenye udongo.

"Kwani sisi ni vipofu?" mwenyekiti wao akasema. "Tunajua hiyo fupi ndio inabeba mingi. Lakini utamuaibisha susu mbele ya mgeni juu ya maji tu?" Kisha kicheko kikamwisha. "Na wewe, msichana wetu, ulijua ukanyamaza? Tuandikwe wajinga na wewe uko hapo? Enda umwambie."

Alhamisi nilimwambia Mwalimu kwamba alichoandika si kweli, na kwamba mimi nilimsaidia kukiandika. Nilijua huenda hapo ndipo kibarua kinapoota nyasi. Akavua miwani. "Nionyeshe," akasema.

Nikampeleka shambani alasiri. Susu ndiye aliyekuwa akielekeza kamba ya kupimia tuta, kwa kuwa kwa desturi kamba hushikwa na mkubwa kwa umri, na kamba yenyewe iliyumba kama mlevi anayerudi kwake. Akina mama walichimba palepale alipopima, wakiimba. Susu alipoaga, walingoja hadi apotelee nyuma ya ua wa minyaa, halafu wakarudi wote na majembe, wakalinyoosha tuta.

Mwalimu akaomba jembe. Ripoti haikupanda basi Ijumaa ile wala iliyofuata. Aliianza upya, na badala ya woga akaandika habari za tuta.

Mimi nilingoja kufukuzwa. Jumamosi adhuhuri alinipakulia kama kawaida, akafungua daftari kando ya sahani yangu na kushika kalamu.

"Muthokoi wangu ukoje?"

Nilitazama mlangoni. Tulikuwa wawili tu.

"Mbichi, Mwalimu. Tangu siku ya kwanza."

"Miezi mitatu!" Alicheka hadi machozi yakamtoka, na mimi nikacheka kwa kuona sifukuzwi. Halafu akaniuliza, taratibu, kama nilikuwa nikimwogopa au nikimsitiri. Hapo nilifikiri sana, kwa sababu nilimpenda na sikutaka kumdanganya tena.

"Mwanzoni nilikuogopa," nikasema. "Baadaye nilikusitiri."

Aliyaandika yote mawili, akairudisha sufuria motoni, na siku hiyo tulikula saa kumi.