Pasi Mbili za Launji na Mchango wa Usharika

Mwanangu, mimi si mtu wa ndege nyingi, lakini kuna siku moja uwanjani ambayo naikumbuka hata leo, kwa sababu swali uliloniuliza juzi nililikuta mimi siku ile, nikiwa na mgonjwa mkononi na fedha ambazo hazikuwa zangu. Uliniuliza kama ile pasi ya launji, ya kuingia kwenye chumba cha mapumziko cha abiria, inafaa kununuliwa au ni kuchezea pesa. Ulicheka ulipouliza. Huenda ulidhani bibi wa Lemara hajui launji ni nini. Naijua. Kunywa chai yako, nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wewe hujazaliwa. Mambo yalikuwa yanafunguka kila upande. Dola, ambazo zamani ukikutwa nazo unaitwa mhujumu uchumi, zilikuwa zinabadilishwa dukani mchana kweupe pale mjini. Wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda mlimani kutafuta kahawa. Kampuni za watalii zilichipuka kama uyoga, na moja kati ya hizo ndiyo iliyoniajiri mapokezi, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka kidogo. Nilipanga chumba Kaloleni, na mwisho wa wiki napanda kwetu Poli kwa wazazi.

Babaangu, Mzee Anaeli, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu wa maneno machache. Mwaka ule alianza kuchoka bila kazi. Akipanda kutoka mtoni anasimama mara kwa mara, anajifanya anaangalia migomba ya jirani. Madaktari wakasema ni moyo, valvu imelegea, na upasuaji wake uko India. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Usharika wetu wa kanisa ndio uliobeba mzigo. Watu walichanga, mwanangu. Yupo aliyeuza mbuzi, yupo aliyeleta kahawa yake hata kabla ya kuipeleka sokoni, na akina mama walipika na kuuza chakula Jumapili baada ya ibada. Mimi nikachaguliwa kumsindikiza, kwa ajili ya lugha.

Upasuaji ulikwenda vizuri, tumshukuru Mungu. Siku ya kuturuhusu, daktari aliniita pembeni akanieleza mambo mawili. Dawa zimezwe kwa wakati na chakula cha moto, na miguu ya mgonjwa isining'inie muda mrefu. Kila inapowezekana alale, miguu iwe juu. Nikaitikia. Sikufikiria njia tutakayorudi nayo.

Njia yenyewe ilipitia mji mmoja wa Ghuba. Tulitua asubuhi, na ndege ya kutuleta nyumbani, uwanja wa KIA, ilikuwa jioni. Katikati hapo palikuwa na mchana mzima wa kukaa kwenye viti vya chuma, vile vyenye mikono ya kugawa kila kiti na mwenzake, kiasi kwamba mtu hawezi kujinyoosha hata akitaka. Mwanzoni baba alikuwa sawa, anatazama watu wanavyopita. Baadaye nikaona ameanza kulegeza kamba za viatu. Nikamuuliza anajisikiaje, akasema yuko salama. Nikatazama vifundo vya miguu yake, vilikuwa vimejaa, ngozi inang'aa.

Mbele yetu palikuwa na mlango wa kioo wenye maandishi ya launji. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa wageni wetu wa kizungu ofisini, wakisimulia walivyopumzika humo. Sikufichi, mwanangu, kuna kipande cha moyo wangu kilichotamani tu kuingia, nione kuna nini. Kwa hiyo nilipomwambia baba tuingie tukapumzike, sikuwa na uhakika ni miguu yake inayosema au ni tamaa yangu. Naye akaona hivyo hivyo.

Akaniuliza kama ni bure. Nikasema hapana, wanalipisha. Akatikisa kichwa. "Hizi fedha zina majina ya watu, binti yangu," akasema. "Nitamwambia nini aliyeuza mbuzi? Kwamba nilikalia kochi?"

Ni kweli zilikuwa na majina ya watu.

Viti viwili kutoka kwetu alikuwa amekaa mama mmoja aliyetusikia tukiongea Kiswahili. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, mwenye duka la nguo Arusha, mmoja wa wale akina mama waliokuwa wakienda Ghuba kufuata mali tangu biashara ilipofunguliwa. Chumba chake cha hoteli kilikuwa kimemwishia asubuhi, akaona heri aje mapema angojee uwanjani ndege hiyo hiyo yetu ya jioni. Alimwamkia baba shikamoo kwa adabu, akajitambulisha kama Mama Krispin, akatoa ndizi za kukaanga kwenye mfuko. Baba akala kidogo. Alipofumba macho, yule mama akaniinamia.

"Mgonjwa haulizwi uji," akaniambia. "Wewe unamuuliza mdomo wake. Uliza miguu yake."

Nikamweleza habari ya mchango. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye amepita hapo mara nyingi na hajawahi kununua launji hata siku moja, kwa sababu ana afya na anaweza kusinzia akiwa amekaa juu ya mizigo yake. Lakini akasema kuna siku alimwona mtu na shemeji yake wameingia, wakatoka wananung'unika, maana walilipia kwanza halafu ndipo wakauliza. Akaniambia niende nikaulize kabla sijafungua pochi. Nikaulize wanaruhusu kukaa muda gani, pana mahali pa kulala au ni viti tu kama hivi tulivyokalia, chakula kiko ndani ya bei au kinalipiwa tena, na wakitangaza ndege huko ndani mtu atasikia.

Nikamwacha baba na Mama Krispin, nikaenda. Binti wa mapokezi alikuwa mtu mwema, na mimi kazi ile naijua, najua namna ya kumuuliza mtu wa mapokezi mpaka akueleze asichokuwa amepanga kukueleza. Nikamwomba niangalie kabla ya kulipa. Akanifungulia.

Ukweli ni kwamba si mahali pa ajabu. Mbele palikuwa na viti vizuri kuliko vya nje, lakini ni viti. Ningekuwa peke yangu ningegeuka nirudi. Ila kona ya nyuma, penye mwanga hafifu, palikuwa na makochi marefu ambayo mtu anajinyoosha mwili wote, na choo kilikuwa karibu, na palikuwa na supu ya moto. Akanieleza kwamba muda wa kukaa una kikomo na unaanza kuhesabiwa ukiingia. Ndege hawatangazi humo, lazima uangalie kwenye kioo cha ratiba. Na kila mtu analipa ya kwake, hata msindikizaji.

Nikarudi nikamwambia Mama Krispin. Akafikiri kidogo. Akasema basi tusiingie sasa, tutaumaliza muda asubuhi halafu mgonjwa ateseke mchana. Tungoje mpaka saa ya dawa ifike, ndipo aingie, ale, ameze, alale, na akiamka iwe karibu na kupanda ndege. Kwa wakati huo akavuta begi lake moja kubwa la mkononi, akaliweka mbele ya baba, akamwambia, "Mzee, nisaidie kunilindia hili, weka miguu juu yake wasije wakaniibia." Baba akaweka miguu. Mpaka leo sijui kama alijua kwamba ameinuliwa miguu kiujanja.

Adhuhuri ilipofika uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na hakuwa akitazama watu tena. Sikumuuliza. Nilimshika mkono nikamwinua, tukamwachia Mama Krispin begi lake, tukaenda.

Pale mlangoni ndipo nilipofanya jambo ambalo niliona ni la busara. Pasi ya baba nililipa kwa fedha za mchango. Ya kwangu nikatoa kwenye akiba yangu, niliyokuwa nimebeba ninunue vitambaa vya kuanzia kushona. Vitambaa vikaishia pale. Niliwaza, mtu akija kuniuliza, nitakuwa na jibu.

Baba alikunywa supu, akameza dawa. Nilipomlaza kwenye kochi la kona akaangalia dari.

"Hapa ni pa nani?" akauliza.

"Pa waliolipa, baba."

"Na sisi tumelipa?"

"Tumelipa."

Akaweka kofia yake usoni, na kabla sijamaliza kumfunika miguu kwa kanga alikuwa anakoroma. Nilikaa miguuni pake nikikodolea macho kile kioo cha ratiba kama mtu anayelinda shamba la mahindi. Alipoamka vifundo vilikuwa vimepungua, na akaomba chai mwenyewe. Ni yeye aliyetembea mbele yangu kwenda kupanda ndege.

Sasa sikiliza, maana mpaka hapo sijafika kwenye lile ninalotaka kukwambia.

Baada ya kurudi, Jumapili moja baada ya ibada, kamati ya mchango ilikutana kusikia fedha zilivyotumika. Baba alikuwepo, amejifunika blanketi. Nikasimama nikaeleza moja baada ya jingine, hospitali, dawa, tiketi, chakula. Nikafika kwenye chumba cha mapumziko cha abiria, mtu mmoja. Baba mmoja wa kamati, mtu wa haki lakini mkali, akaomba nirudie. Chumba cha nini? Penye wengi pana mengi, watu wakaanza kunong'ona. Nikaeleza maneno ya daktari, viti vya chuma, ile miguu ilivyovimba. Minong'ono ikapoa. Yule baba akakubali, akasema inaeleweka. Kisha akauliza mimi nilikaa wapi.

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelingojea tangu Ghuba. Nikainua kichwa nikasema niliingia naye, lakini ya kwangu nililipa mwenyewe, fedha ya usharika sikuigusa. Wengine wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema huyo ndiye mtoto aliyelelewa.

Bibi Ndeshi alikuwa amekaa mbele, kiongozi wa akina mama, mjane ambaye mchango wake ulikuwa mikungu ya ndizi wiki hadi wiki. Hakutikisa kichwa. Aliniita nisogee karibu, na akasema taratibu, lakini kila mtu alisikia.

"Sisi tulikutuma umshike baba yako mkono. Tulidhani mkono wake utaingia ndani na wa kwako ubaki nje? Safari ya mgonjwa ni ya watu wawili. Ulipolipa ya kwako, hukutuokolea kitu. Ulijinunulia sifa, ili leo usimame hapa tukuone msafi."

Uso ulinichoma, mwanangu. Nilitaka kusema si hivyo, lakini ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeogopa maneno ya watu kuliko nilivyowaamini. Bibi Ndeshi akamwambia mtunza hazina anirudishie fedha yangu. Nikakataa, nikasema nimesamehe. Akanitazama.

"Pokea. Anayesamehe deni ni yule aliyeombwa mkopo. Sisi hatukukukopa, ulitukopesha bila kutuuliza."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikarudi kukaa karibu na baba. Yeye, ambaye uwanjani alikataa kukalia kochi kwa ajili ya aliyeuza mbuzi, alinisogezea blanketi nikae vizuri. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akipogoa kahawa yake mwenyewe, na habari hiyo hatukuizungumza tena.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Launji si dhambi wala si daraja la mbinguni, ni chumba. Ukiwa na afya na mngojeo ni mfupi, kaa nje na karanga zako. Mimi nimekaa nje safari zangu karibu zote, na sijapungukiwa. Lakini mngojeo ukiwa mrefu na mwili una shida, wa kwako au wa mtu uliyenaye, nenda ukaulize kwanza, uone kwa macho kama kilichomo ndani ndicho mwili unachohitaji, uchague saa itakayofaa, kisha ulipe bila kujilaumu. Kuuliza si ujinga. Kulipa kwanza ndiko kwenye majuto.

Na hili ndilo kubwa. Anayenunua ili aonekane na anayekataa ili aonekane, wote wawili wamelipia macho ya watu. Ukijinyima, hakikisha unajinyima kwa sababu huhitaji, si kwa sababu unasubiri kupongezwa. Na ukitumwa na watu, waamini kwamba walipokutuma walikutuma mzima, pamoja na tumbo lako na miguu yako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie angani na nchi kavu, akupe afya ya kukaa kwenye kiti chochote, na siku utakapochoka akuwekee karibu mtu atakayeitazama miguu yako kabla hujasema neno.