Chuma Alichokitoa Nathanaeli

Kibakwe nzima ilimjua binamu yangu Nathanaeli kwa gari lake la kijivu aina ya Noah, na kwa kumpenda mama yake kupita kiasi. Sisemi kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa.

Mama huyo, shangazi Loisi, alivunjika nyonga akitoka kuchota maji. Tangu hapo kila safari ya kliniki Dodoma ilikuwa mateso. Huku kwetu milimani barabara ni mashimo matupu, na gari likiyumba kidogo tu, mama wa watu analia. Nathanaeli akaenda kwa fundi Daudi, akamwambia atoe stebilaiza, kile chuma kirefu cha chini kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia. Kikiwepo, gurudumu moja likidumbukia gari zima linayumba nalo. Kikitoka, kila gurudumu linakula shimo lake peke yake.

Daudi alikubali shingo upande. "Kwenye mashimo utafurahi," alimwambia. "Ila ukiwa kwenye lami, ukiona kona punguza mwendo. Hiki ndicho kinachozuia gari lisilale."

Nathanaeli alisikia, maana alinisimulia mwenyewe huku akicheka. Chuma akakipeleka kanisani, ambako kengele ilikuwa imepasuka. Kilitundikwa, kikagongwa kwa nyundo, kikalia vizuri ajabu. Shangazi aliringa nacho kila Jumapili.

Safari iliyofuata nilikaa nyuma. Mashimoni tulipita bila kilio. Tulipoingia kwenye lami shangazi akasema, "Endesha tu, mwanangu. Leo siumii." Wewe ungepunguza mwendo? Nathanaeli alikanyaga mafuta kwa furaha. Kwenye kona gari likalalia upande wa nje, likazidi kulala, akakata usukani kulirudisha, tukapinduka.

Shangazi alifia palepale. Nathanaeli alivunjika mkono na mbavu, na kama desturi yetu ilivyo, tulimficha habari ya kifo. Tulimwambia kwamba mama yake kalazwa wodi ya wanawake, anaendelea vizuri. Siku aliyoruhusiwa ndiyo ilikuwa siku ya maziko. Wazee walipanga aambiwe taratibu akishafika nyumbani, akishakunywa uji.

Kengele, kile chuma chake, hakuna aliyeikumbuka. Tulipokaribia kanisa ikaanza kugongwa, mlio mmoja mmoja, ule wa msiba.

Nathanaeli aliinua kichwa. "Nani kafa?"

 Chuma chake kikalia tena, na tena.

"Daudi aliniambia nipunguze mwendo," alisema.