Hodi Kwenye Lambo

Wiki iliyopita nilirudi kwetu, mbele kidogo ya Usagara, nikakuta ukuta wa nyumba ya bibi umepigwa X nyekundu. Lile lambo lililopasuka tuta nikiwa binti mdogo linatakiwa kujengwa upya, kubwa zaidi, na safari hii maji yatafika mpaka uani, kwenye kaburi la bibi.

Wewe uliyekulia bombani utanicheka, lakini sisi kabla ya kuchota tulipiga hodi. Lambo lilichimbwa mahali palipokuwa na nyumba za watu, na bibi alizaliwa humo kabla hawajahamishwa. Huchoti maji juu ya paa la mtu bila kubisha, alisema. Hodi mara tatu. Pakiwa kimya, chota. Ukiitikiwa, acha ndoo, rudi nyumbani.

Mchana mmoja wa kiangazi nilikwenda peke yangu, mdomo bado mtamu kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Jua la utosi, hata vyura wamenyamaza. Kwa utundu wangu nilipiga hodi ya tatu nikiiga sauti ya mwalimu wetu.

"Karibu," mwanamke akaitikia, taratibu, kama mtu aliye jikoni. Sauti haikutoka ng'ambo. Ilitoka chini, miguuni pangu.

Nilifika nyumbani sina ndoo wala kandambili. Bibi alitazama mikono yangu mitupu, akaketi. "Huyo ni mama yangu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha. Ndoo hatukuifuata.

Juzi kwenye mkutano wa kijiji watu walibishana hadi koo zikakauka, na kwetu koo kukauka si mchezo. Nilisimama kuitetea nyumba. Jirani yetu, mama mtu mzima niliyetoka kumwamkia, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Ila kaburi halisikii kiu. Wajukuu zangu wanagombania dimbwi na ng'ombe."

Niliketi. Mwenyekiti alipouliza wanaokubali, niliinua mkono, na moyo uliniuma kama nimemfukuza bibi kwake.

Watoto wa sasa hawatashuka na ndoo. Maji yatavutwa kwa mashine hadi bombani, na mashine haijui kubisha. Nami namjua bibi, alivyopenda wageni. Atakaa kule chini akitega sikio, karibu yake iko mdomoni, na hodi haitapigwa.