Nilivyomlainishia Mjomba Usukani

Kwetu Waluguru, ukitaka kuoa, baba mtu atakuchinjia kuku, lakini mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wa Mwajuma, binti niliyetaka kumwoa, pale Kilakala, ana gari la kizamani ambalo usukani wake ulikuwa mgumu kama adhabu. Mimi, fundi simu mwenye akili nyingi, nikajitolea kulitengeneza. Kwani simu na gari si vyote vina skrubu?

Nikaishusha reki ya usukani, kile chuma chenye meno kinachogeuza matairi, nikaiosha kwa petroli, nikaipaka grisi mpaka ikateleza kama bamia, nikaifunga. Usukani ukawa unazunguka kwa kidole kimoja. Nikampandisha mjomba kiti cha mbele, amwone vizuri mkwe aliyeletewa na Mungu.

Kutoka pale unakata kulia, maana kushoto kuna banda lake la kuku. Nikakata kulia. Gari likaenda kushoto. Bingwa nikazidi kukata kulia, nalo likazidi kwenda kushoto, mpaka tukaingia bandani mzimamzima. Kumbe reki nilikuwa nimeifunga juu chini.

Mjomba akatoa unyoya mdomoni.

“Kijana,” akasema kwa upole, “uliposema utamtunza mpwa wangu, ulikuwa unakata upande gani?”