Kopo la Biskuti na Sala Fupi

Katika kanisa letu watu wanajua kwamba nikisimama kuomba, pilau itapoa. Tunakodi ukumbi huku ughaibuni, karibu na Barabara ya Dixon, kila Jumapili alasiri, na chakula hungoja nyuma kwenye masufuria. Mke wangu husema mimi huanza na uumbaji wa dunia, na nikifika kwa wagonjwa wa wiki hiyo, wawili wameshapona.

Lakini sala moja niliingoja miaka kumi na mmoja. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, alikaa kwenye ndoa miaka hiyo yote bila mtoto. Nilimwomba Mungu kila asubuhi, na nikaahidi kwamba akijaliwa, nitasimama mwenyewe kumkabidhi mtoto kwa Bwana mbele ya kanisa. Majira ya baridi yaliyopita mtoto akaja, wa kiume, mwenye paji la uso kama langu. Jumapili ikapangwa.

Wiki mbili kabla yake nikashikwa na homa ya mafua. Nilijikaza siku nne ndipo nikaenda kliniki. Daktari, kijana mpole, alinipima puani, akasema ni virusi, na kwamba dawa yake ingefaa kama ningekuja mapema. Sasa nipumzike na ninywe maji.

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Kupanda basi kwenye theluji ile yote, kisha nirudi mikono mitupu! Kwetu Nakuru unamweleza mwenye duka la dawa kuhusu kikohozi chako, naye anakufungia kapsuli kwenye bahasha ndogo. Kapsuli hizo ninazo. Kila mgeni anayetoka nyumbani hutuletea majani ya chai na dawa, nami huziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nikaanza kuzimeza, mbili asubuhi, mbili jioni, baada ya kuziombea.

Homa ikaisha, nikajisifu kimoyomoyo. Kisha tumbo likaanza kuendesha. Kufikia Ijumaa nilikuwa naujua ufa wa kila kigae cha chooni.

Jumamosi binti yetu alikuja, mtoto amemwacha na baba yake.

"Baba, umekula nini?"

"Uji tu."

"Na dawa?"

Mimi niliyefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini, nikajifanya natafuta miwani. Mke wangu alipanda kiti, akateremsha kopo, akaliweka mezani kama sahani ya wageni.

Binti yetu alisoma jina la dawa kwenye bahasha, akacheka mpaka akakaa. "Baba, hizi zinaua bakteria. Virusi havina habari nazo."

"Lakini nilipona."

"Ungepona hata kwa kula peremende. Tumboni una bakteria wengi wazuri, wanakusaidia kusaga chakula. Homa ya mafua peke yake inaweza kuwavuruga, ingawa iko kifuani. Wewe ukaona haitoshi, ukawatumia na jeshi."

"Na nililiombea," nikakiri.

"Ndiyo maana limefanya kazi vizuri hivyo," mke wangu akasema.

Nilimuuliza binti yetu kama maziwa lala, yale ya kuganda, yangewarudisha wale bakteria. Akasema huenda yakasaidia, hawezi kuniahidi, wengi hurudi wenyewe polepole nikiwa na subira. Alimpigia simu mfamasia, kisha akaniambia niache kapsuli, ninywe maji yenye chumvi na sukari, na nikiona damu au homa niende hospitali mara moja.

"Na kesho?" nikauliza.

Hapo hakucheka. "Baba, tunaweza kumwomba mchungaji."

"Nimengoja miaka kumi na mmoja."

"Hata mimi."

Tukakubaliana. Ningevaa barakoa, ningekaa kiti cha karibu na mlango wa choo, na mtoto nisingemshika.

Jumapili niliitwa. Nilifika mbele kwa hatua ndogo, nikamtazama mtoto mikononi mwa mama yake, na tumbo likanguruma. Uumbaji wa dunia niliuacha. Nikasema, "Bwana, tulikuomba mtoto, ukatujalia. Asante. Ni wako. Mlinde. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa bado wanajiweka sawa kwenye viti, kila mtu akijiandaa kwa safari ndefu ya sala yangu. Binti yangu ndiye aliyesema amina peke yake, sauti ikikatika, na ukumbi mzima ukamfuata kwa kishindo. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Niliporudi, watu walikuwa wanakula pilau inayotoa mvuke. Mmoja baada ya mwingine walikuja kunishukuru kwa sala ile, na kwa kweli sikujua wanashukuru lipi. Mke wangu aliniletea wali mweupe usio na kitu.

"Mzee," aliniambia, "lile kopo nimelitia biskuti."

Nikamshukuru Mungu, nikala wali wangu polepole.